Haki ya Njia na Mwenye Pikipiki

 

Katika mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume wetu alihiji hija yake ya kuaga. Jua lilipokuchwa katika kisimamo cha Arafa, alimpanda ngamia wake Qaswa, akampakia nyuma yake kijana Usama bin Zayd, wakaelekea Muzdalifa. Njia ilikuwa imejaa maelfu ya watu na wanyama, na nyuma yake zilisikika kelele za watu waliokuwa wakiwapiga ngamia wao ili wapate kutangulia. Bukhari na Muslim wametupokelea namna alivyokwenda. Alimvuta ngamia wake hatamu hata kichwa chake kikakaribia kugusa tandiko, akawaashiria watu watulie, akawafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Usama, aliyekuwa mgongoni mwa ngamia yule yule, ameeleza kuwa Mtume alikwenda mwendo wa wastani, na kila alipoona uwazi mbele yake ndipo alipozidisha mwendo.

Ndugu zetu, khabari hii tumezoea kuisoma katika mlango wa Hija tu. Lakini mwenye kuizingatia ataona kuwa ndani yake mna adabu kamili ya mpandaji aliye katika msongamano. Palipo na watu wengi, azuie kipando chake. Palipo na nafasi, apite. Na nyuma yake yupo abiria, naye ni amana. Leo msongamano wetu si wa ngamia. Ni wa malori, mabasi, daladala na bajaji, na kipando cha vijana wetu wengi ni pikipiki. Basi mwezi huu tumependa kuzungumza na vijana hao, na wazee wao, na wake zao, juu ya jambo moja: kupenya kwa pikipiki katikati ya safu za magari.

Wakaaji wa Kibiti wanaijua vizuri barabara ya Kilwa, kwani imepita katikati ya mji wao. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda kusini alikuwa hana budi kungoja pantoni ya kuvukia Mto Rufiji, na mara nyingi mvua ilipokuwa kubwa alingoja sana. Daraja lilipokwisha na lami ikaenea, neema kubwa iliingia. Mabasi ya Lindi na Mtwara hupita mchana na usiku, na malori ya saruji na ya korosho hufuatana. Pamoja na neema hiyo, vijana walipata kazi. Msafiri akishuka Kibiti atakuta kijiweni pikipiki za kumpeleka Nyamisati akapande chombo cha Mafia, au kumpeleka Utete, au vijijini ambako basi halifiki. Ni kazi ya halali. Mwenye kutoka alfajiri kuwatafutia riziki wazazi na watoto wake, akarudi jioni na chumo safi, huyo yumo katika ibada.

Lakini khatari nayo imo. Basi kubwa linaposimama Kibiti, au Bungu, au Ikwiriri, watoto na akina mama wenye machungwa, korosho na maembe hulikimbilia madirishani. Nyuma ya basi lori husimama, na nyuma ya lori jingine. Hapo kijana mwenye pikipiki huona uwazi mwembamba kati ya basi na gari linalokuja, akajitia humo kwa mwendo ule ule aliokuja nao. Yeye anauona uwazi tu. Mtoto aliye mbele ya basi, mwenye sinia kichwani, hamwoni, wala mtoto hamwoni yeye.

Tena wako vijana wetu wengi ambao, baada ya kujifunza pikipiki katika njia za mchanga za huku, huenda kutafuta maisha Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 130 na zaidi. Wakishapita Mkuranga, Vikindu na Mwandege huingia katika foleni ya Kongowe na Mbagala Rangi Tatu, na huko magari husimama safu kwa safu. Ujuzi wa mchangani hauwatoshi huko. Mchangani adui ni tairi linaloteleza. Katika foleni adui ni mtu asiyekuona: dereva anayehama safu bila kutazama kioo, abiria anayefungua mlango ghafla, konda anayeruka kabla gari halijasimama, na mwenda kwa miguu anayechungulia katikati ya daladala mbili.

Vijana huuliza: Je, kupenya ni kosa, au inafaa? Tukitaka kujibu kwa insafu, yatupasa kutazama pande zote mbili. Pikipiki ikisimama nyuma ya gari katika foleni, nayo ina khatari yake, kwa kuwa gari la nyuma laweza kuigonga na kuibana. Kwa hivyo ziko nchi zilizoruhusu kupenya, lakini zimeweka mipaka. Katika jimbo la New South Wales huko Australia, ruhusa ilianza mwezi Julai 2014 kwa sharti kwamba mwendo wa pikipiki usizidi kilomita 30 kwa saa. Aliye mwanafunzi wa udereva haruhusiwi, na haifai kupita kati ya magari na ukingo wa barabara, wala penye shule wakati wa watoto. Katika jimbo la California huko Marekani, wataalamu wa chuo kikuu waliangalia mwaka 2015 khabari za wapanda pikipiki karibu 6,000 waliopata ajali, na 997 kati yao walikuwa wakipenya. Waliona kuwa kupenya hakukuzidisha madhara pale magari yasipokwenda kasi sana na pikipiki isiyapite kwa zaidi ya kilomita 24 kwa saa. Tofauti hiyo ilipozidi, majeraha nayo yalizidi.

Fahamuni maana ya maneno haya. Kinachotazamwa hapa ni tofauti ya mwendo wa pikipiki na wa magari inayoyapita. Magari yakiwa yamesimama kabisa nawe ukaenda kilomita 40, tofauti hiyo ni 40, nawe umekwisha vuka mpaka wa watu ambao barabara zao ni pana, mistari yao inaonekana, na madereva wao wamezoea kuona pikipiki ikipita pembeni. Sisi barabara yetu ya kusini, ukitoka nje ya jiji, ina safu moja ya kwenda na moja ya kurudi. Huko kupenya katikati ni kukabiliana uso kwa uso na lori linalokuja. Hilo halina jina ila kujiangamiza, na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Baqara tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe.

Tazameni na hesabu hii. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa hula mita 8 na zaidi katika kila sekunde. Ikienda kilomita 60 hula karibu mita 17. Mtu akishituka, hupita kiasi cha sekunde moja kabla mkono wake haujaibana breki. Basi aliye katika mwendo wa 60 akimwona mtoto anatokea, huwa amekwisha kwenda zaidi ya urefu wa basi kubwa zima kabla hata hajaanza kupunguza mwendo. Wala kishindo hakizidi mara mbili mwendo unapozidi mara mbili. Nguvu ya kugonga huzidi mara nne.

Basi kijana ambaye amelazimika kupita katika foleni, na ashike mambo haya.

La kwanza, apenye pale tu magari yaliposimama au yanapokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Foleni ikianza kuachia na magari yakashika mwendo, arudi katika safu yake akae kama gari. Wakati wa kuachia ndio wakati wa madereva kuhama safu na kuchomekea, na ndio wakati wa ajali.

La pili, mwendo wake uwe ule ambao aweza kusimama ndani ya nafasi anayoiona. Asiyeona lililo mbele ya basi na aende kama mtu anayetarajia kuwa pana mtoto. Awe katika gia ndogo, na vidole viwe tayari juu ya breki. Atumie breki zote mbili pamoja, akizikaza taratibu. Ile ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha katika lami kavu, lakini ikibanwa ghafla penye mchanga, mafuta au lami iliyolowana, humwangusha mwenyewe.

La tatu, asipite kushoto, kati ya daladala na ukingo wa barabara. Sisi twaendesha kushoto, na mlango wa abiria uko upande huo. Huko ndiko mama mwenye mtoto mgongoni anakoshuka. Na njia za mabasi yaendayo haraka zilizojengwa katika barabara ya Kilwa si njia za pikipiki, hata zikionekana tupu.

La nne, aogope sana lori refu lenye tela. Likipinda, matairi yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata kona kwa ndani na kufagia kilichopo. Ukiwa ubavuni mwa lori na huoni uso wa dereva katika kioo chake, jua kuwa naye hakuoni. Usikae hapo. Tena usipite kati ya malori mawili yanayokwenda, kwani likijongea moja tu, hakuna pa kukimbilia.

La tano, avae kofia ngumu na aifunge mkanda chini ya kidevu. Kofia iliyoning'inizwa mkononi au iliyowekwa juu ya tangi haina faida, na isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakaandika mwaka 2008, walikuta kuwa kofia hupunguza khatari ya kufa kwa kiasi cha 42 katika kila 100, na khatari ya kuumia kichwa kwa 69 katika kila 100. Wapo wasemao, 'Ajali ni kadari, kofia haizuii mauti.' Ni kweli kuwa kila jambo ni kwa kadari. Lakini Tirmidhi amepokea khabari ya mtu aliyemwuliza Mtume kuhusu ngamia wake, kama amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mkanda wa kofia ni kamba ya ngamia wako.

La sita, abiria awe mmoja. Wale wanaopakia watu watatu na wanne, mtindo unaoitwa mishikaki, pikipiki yao haisimami inapotakiwa wala haipindi inapopindishwa. Katika uwazi mwembamba magoti ya abiria ndiyo yanayogonga kwanza.

Hapa tuseme neno na mama zetu na dada zetu. Kukaa upande kunaonekana kuwa ni heshima, lakini katika foleni miguu yote miwili huelekea kwenye magari, na uzito wote huvutia upande mmoja. Mwenye haja ya kupanda na avae nguo pana yenye suruali ndani, apate kukaa sawa na huku amejisitiri. Upindo wa buibui na ncha za kanga zikusanywe na kukaliwa, kwa kuwa nguo ikiingia katika mnyororo au gurudumu humvuta mtu mpaka chini. Ama anayechukia kofia iliyovaliwa na wengi, achukue kitambaa chake safi akivae ndani yake. Tena abiria ana ulimi. Aseme, 'Mwanangu, punguza mwendo, sina haraka.' Kama kijana hakusikia, amwambie asimame, ashuke. Nauli si kitu mbele ya uhai.

Mpaka hapa tumezungumza na kijana. Lakini haitakuwa insafu kumtupia yeye peke yake mzigo huu. Yafaa tuulize: haraka hii yatoka wapi? Vijana wengi pikipiki si zao. Ni za mtu mwingine, ambaye kila jioni anataka hesabu yake, au wamezichukua kwa mkataba, na siku ikipita bila fedha deni linakua. Mvua inyeshe, mtu augue, barabara ifungwe, hesabu ni ile ile. Kijana aliyebakiwa na saa mbili na hajapata nusu ya fedha za tajiri wake, huyo hata ukimpa waadhi wa mwezi mzima ataingia katika uwazi wowote autakaouona. Enyi wenye vyombo, mcheni Mwenyezi Mungu. Wekeni hesabu ambayo mtu aweza kuipata kwa mwendo wa salama, na samehe siku ya mvua na ya ugonjwa. Wala usimkabidhi chombo kijana asiye na leseni wala mafunzo, ukasema utamwachia Mungu. Breki zilizokwisha na tairi lililokuwa kipara ni dhima yako wewe, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeona na ukanyamaza.

Na sisi wazee majumbani tuna sehemu yetu. Kijana akija na fedha nyingi twamsifu, bila kumwuliza amekwendaje. Akichelewa twamlaumu. Mwezi wa Ramadhani ndio mfano ulio wazi. Saa ya mwisho kabla ya Maghribi barabara hujaa, kila mmoja anataka kufuturu kwake, na wenye pikipiki huenda kama wanaokimbizwa. Kuharakisha kufuturu ni suna, lakini suna hiyo hutimia kwa tende moja na maji popote mtu alipo. Mama, mtilie mwanao tende mfukoni anapotoka, umwambie, 'Adhana ikikukuta njiani, simama ufuturu, kisha uje taratibu. Chakula chako kipo.' Pengine maneno hayo mafupi yatamlinda zaidi ya khutuba yetu ndefu.

Ndugu zetu, jambo hili lina upande wa haki za watu ambao haifai kuunyamazia. Wengi hudhani kuwa aliyemgonga mtu bila ya kukusudia amekwisha samehewa, madhali hakutaka. Sivyo. Katika Sura ya An-Nisaa Mwenyezi Mungu amemwekea aliyeua kwa kukosea mambo mawili: diya kwa jamaa za marehemu, isipokuwa wakisamehe wenyewe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Fikiri, ewe kijana. Umeokoa dakika tano katika foleni ya Mbagala, nayo yaweza kukugharimu siku 60 za kufunga, na diya usiyoiweza, na uso wa mama wa mtoto yule ambao hutausahau maisha yako. Na hayo ni mbali na hukumu ya serikali.

Na aliyeumia mwenyewe, je? Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili imekuwa ikipokea majeruhi wengi wa pikipiki, na wengi wao ni vijana waliokuwa wakilisha nyumba. Mguu mmoja ukivunjika, huwa umevunjika mkono wa mke, na ada ya mtoto, na dawa ya bibi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa ajali za barabarani huua watu kiasi cha milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 mpaka 29. Hii ndiyo mali ya umma inayopotea, nasi twasoma talakini na kurudi nyumbani kama kwamba hakuna la kufanya.

La kufanya lipo. Mtume wetu aliwakataza Sahaba kukaa njiani. Walipomwambia kuwa hawana budi na vikao vyao, hakuwalazimisha kuondoka, bali aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia madhara, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Vijiwe vyetu ndivyo vikao hivyo. Vijana wa kijiwe kimoja waweza kuagana wenyewe kwa wenyewe kuwa hakuna atakayepakia mishikaki, hakuna atakayetoka bila kofia, na atakayeingia kwa kasi kati ya basi na watoto wanaouza, wenzake watamwita na kumwonya. Imamu naye baada ya sala ya Ijumaa ana nafasi ya kusema dakika chache juu ya jambo hili. Hata kuondoa mchanga uliomwagika, au tawi, au jiwe la mwenye lori aliyeharibikiwa, ni jambo kubwa, kwa kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi moja katika matawi ya imani.

Kwa hivyo, ewe kijana wa Kibiti, au wa Mbagala, au wa popote, kumbuka Arafa. Mbora wa viumbe alikuwa na haki ya kutangulia, na lau angetaka, watu wote wangempisha. Naye alivuta hatamu, akaenda na watu, akangoja uwazi. Nawe ukiufikia uwazi, tazama kwanza, kisha pita kwa amani, na aliye nyuma yako afike kwao akiwa mzima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu watokapo na warudipo, awape chumo la halali lenye baraka, awaponye walio vitandani, na awarehemu waliotutangulia. Amin.